Nyimbo zangu za roki za 2007

Ukiniuliza mwaka mtamu wa roki ya bendi zinazojitegemea, nitakuambia 2007. Namba moja kwangu ni "All My Friends" ya LCD Soundsystem. Zaidi ya dakika saba, piano inarudia kitu kile kile kama programu iliyokwama, na bado huchoki! Ya pili, "Fake Empire" ya The National.

Ya tatu, "Reckoner" ya Radiohead. Oktoba mwaka huo, wakiwa hawana mkataba na kampuni ya rekodi, waliweka albamu ya In Rainbows kwenye intaneti, mnunuzi ajipangie bei, hata sufuri. Safi. Lakini MP3 za kilobiti 160 kwa sekunde? Wimbo uliojaa matoazi hivyo! Sauti za juu ndizo huumia kwanza faili ikibanwa. Aliyelipa kwa hiari alistahili faili bora.