Palio la ng'ombe lisilimwe

Agosti miaka minne iliyopita, kwenye lami ya Bariadi kwenda Lamadi, mkoani Simiyu, basi lilinipita ubavuni na upepo wake ukanisukuma hadi mtaroni. Sikuvunjika mfupa. Ringi ya mbele ya baiskeli ndiyo iliyopinda, ikawa kama ungo uliokaliwa na mtu mzima. Kijana wa bodaboda alisimama, akaninyanyua, akanipangusa vumbi mgongoni, akasema, "Mzee, barabara hii si yenu tena."

Alisema kwa huruma, na maneno yake yakanikaa. Nilikuwa bwana mifugo kwa miaka 27 katika vijiji vya Bariadi na Itilima, na miaka 11 ya mwanzo sikuwa na pikipiki. Nilikuwa na baiskeli nyeusi ya Phoenix aliyoniachia baba, aliyoinunua kwa fedha za pamba. Kwa Phoenix hiyo nilifika kwenye kila josho, kila lambo na kila mnada, na mara chache sana nilipita barabarani. Nilipita kwenye mapalio, zile njia ambazo wafugaji wamezitumia tangu zamani kupeleka ng'ombe malishoni, kwenye maji na sokoni. Fundi aliponibadilishia ringi nilizirudia. Tangu siku ile lami ya Lamadi naivuka tu.

Jumamosi hutoka nyumbani Somanda saa kumi na mbili na nusu, kabla jua halijakolea. Nikishaacha nyumba za mwisho naingia kwenye palio lenye minyaa pande zote mbili. Udongo wa hapo ni luseni, mchanga mwepesi wa rangi ya maziwa ya chai, umejaa alama za kwato. Ukiuangalia haraka utadhani baiskeli itazama. Lakini katikati kuna mstari mmoja mwembamba, upana wa kiganja, uliokandamizwa na nyayo na matairi ya waliokutangulia. Gurudumu likishaukamata mstari huo, unateleza. Ninachosikia ni cheni, mchanga chini ya tairi, kengele ya fahali ng'ambo ya ua na kware wakiruka kwenye nyasi. Naweza kwenda saa mbili nisisikie injini hata moja.

Na unasalimiana. Kwetu ukikutana na mzee unashuka kwenye baiskeli. "Mwangaluka, baba." "Mwangaluka. Mhola?" "Mhola duhu." Hapo ndipo unaulizwa ukoo, mvua ya kwenu na bei ya pamba, na ukiondoka umeelekezwa lambo lipi limekauka na nyumba ipi ina msiba. Mwenye gari hapati hayo, hata awe muungwana namna gani. Vioo vyake vimefungwa, na akisimama anaziba njia.

Njia hizi hazinyenyekei kwa mtu mvivu. Ukiteremka kutoka kwenye mawe makubwa na luseni unaingia mbugani, kwenye udongo mweusi. Kiangazi udongo huo hupasuka nyufa za kumeza tairi, inabidi ukatize kwa uangalifu. Masika hushikamana kati ya tairi na madigadi hadi gurudumu linakataa kuzunguka, unashuka na kuuchokonoa kwa kijiti. Miiba ya mbigili nayo haina huruma. Mwezi uliopita nilitoa mitatu kwenye tairi moja, nikakaa chini ya mbuyu nikikwangua tyubu na kubandika viraka, watoto wawili wachungaji wakinishikia pampu. Sikuona hasara yoyote katika saa hiyo.

Kwa njia hizo nimefika hadi Gamboshi. Msomaji wa mbali akisikia jina hilo huwaza uchawi, maana hadithi zake zimeenea nchi nzima. Mimi nilipewa kigoda, nikaletewa michembe iliyopikwa na karanga na bakuli la maziwa mgando, kisha mama mwenye nyumba akaniuliza dawa ya kupe.

Sasa nieleze kilichonifanya niandike. Novemba iliyopita kipande cha palio ninalolipenda kuliko yote kililimwa. Januari nikakikuta kimeota pamba, mistari imenyooka vizuri, minyaa ya upande mmoja imeng'olewa na kuchomwa. Aliyelima namfahamu na si mtu mbaya. Ana watoto wa kiume saba, ardhi imekwisha, na palio ni ardhi ambayo hakuna karatasi inayoitaja. Lakini angalieni kilichofuata. Ng'ombe wa vitongoji viwili, kwa kuwa maji yao yako palepale, walianza kupitishwa pembeni. Wakaingia kwenye pamba ya mjane. Kesi ikaenda baraza la ardhi la kijiji, mfugaji akalipa fidia, na yeye na aliyelima palio, waliokuwa wakipeana moto asubuhi, hawasalimiani hadi leo. Wachungaji wengine wamehamishia ng'ombe wao kwenye lami, kwenye mabasi. Na wasichana waliokuwa wakienda shule kwa baiskeli kwenye palio nao wanapita huko huko.

Binti yangu anafundisha jiografia. Nilipomsimulia, alinisomea habari za Hispania, nchi ambayo sijaikanyaga. Kule nao walikuwa na mapalio, ya kondoo. Mwaka 1273 mfalme Alfonso wa Kumi alikitambua chama cha wafugaji wa Castilla kilichoitwa Mesta, na njia zao za kuhamisha mifugo kati ya malisho ya kiangazi na ya baridi zikalindwa kwa amri za kifalme. Karne zikapita, reli na malori yakaja, wakulima wakaanza kuzimega njia zile kama tunavyozimega zetu. Mwaka 1995 bunge lao likapitisha sheria: njia za mifugo ni mali ya umma, haziuzwi, hazimilikiwi kwa sababu tu mtu amezilima muda mrefu. Zilizo kubwa kabisa zinafikia upana wa mita 75. Kwa jumla zinakadiriwa kuwa kilomita 125,000. Na sheria hiyo, baada ya kuwapa mifugo haki ya kwanza, inawataja pia waendao kwa miguu, kwa farasi na kwa vyombo visivyo na injini. Kila mwaka kondoo hupitishwa katikati ya jiji la Madrid, na wenye magari wanasubiri.

Hawakuishia hapo. Tangu 1993 wanazigeuza reli zilizokufa kuwa njia za baiskeli na miguu, na sasa zimepita kilomita 3,000. Iliyonigusa zaidi iko Andalucía, kati ya Olvera na Puerto Serrano, kilomita 36 zenye mahandaki 30. Reli ile haikuwahi kupitisha treni ya abiria wala ya mizigo. Ujenzi ulisimama kabla haijakamilika. Leo watu huendesha baiskeli humo kimyakimya, na juu ya jabali la Zaframagón wanaona tai mzoga wakizunguka. Nilipoona picha yake nilimwambia binti yangu, tai mzoga tunao, majabali tunayo, njia tunazo, na hatukuhitaji kuchimba handaki hata moja.

Tena sheria tunazo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inakipa kijiji mamlaka ya kusimamia ardhi yake. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Na. 6 ya mwaka 2007 inakiwezesha kijiji kupanga eneo lipi ni la kilimo, lipi la malisho, lipi la makazi. Ninachoomba ni kwamba kila kijiji cha Simiyu kinapokaa kuchora ramani hiyo, wazee wachungaji waitwe, watembee kwenye mapalio na wataalamu, na kila palio lichorwe, lipimwe, liwekewe mipaka ya minyaa. Mita 75 za Wahispania hatuziwezi. Mita 10 zinatosha kundi la ng'ombe kupishana na mkokoteni, na ukingoni pabaki mstari wa baiskeli. Barabara mpya ikikata palio, paachwe mteremko wa kuvukia.

Najua nitaambiwa baiskeli ni ishara ya umaskini na kijana wa leo anataka bodaboda. Aje asimame Dutwa siku ya gulio ahesabu baiskeli. Zinabeba magunia ya pamba, madumu ya maji, mgonjwa, mbuzi aliyefungwa kwenye keria. Wanaozipanda hawaombi kuonewa huruma. Wanaomba njia.

Nitaambiwa pia ardhi ya kulima haitoshi. Ni kweli, na ni hoja nzito kuliko ile ya kwanza. Lakini mwaka 1986, Simiyu ikiwa bado sehemu ya mkoa wa Shinyanga, mradi wa hifadhi ya ardhi ulioitwa HASHI ulianza kutuhimiza turudishe ngitili, malisho yanayofungwa masika ili yaliwe kiangazi. Wengi walilalamika vivyo hivyo kwamba ardhi nzuri inaachwa bure. Leo ngitili hizo ndizo zinazonipa kivuli Jumamosi, na kiangazi ndizo zinazookoa ndama wa watu walewale waliolalamika.

Watalii? Wakija, karibu. Wanaopita kwetu hufika Lamadi, wakaingia Serengeti kwa lango la Ndabaka, na Simiyu wameiona kupitia dirisha. Siku mbili za baiskeli kutoka kijiji hadi kijiji zingewapa akina mama wa michembe kipato kidogo. Ila upande wa mashariki, karibu na Pori la Akiba la Maswa, tembo hutoka, na mgeni hapaswi kwenda bila kuuliza kwanza ofisi ya kijiji. Mimi nawaandikia kwanza wanaopita njia hizi kila siku.

Jumamosi iliyopita nilikwenda na mwenyekiti wa kitongoji kwenye kile kipande kilicholimwa. Yule jirani aliyelima, mwenye watoto wa kiume saba, alikuja pia, mikono nyuma, hasemi. Tulipima kwa kamba ya kufungia ndama iliyofungwa mafundo kila mita: urefu mita 340. Tulipofika kwenye visiki vya minyaa vilivyoungua, jirani akaushika mwisho wa kamba bila kuombwa, akatuonyesha ua wa zamani ulipokuwa umekata kona. Jambo hili limeandikwa kwenye ajenda za mkutano mkuu wa kijiji, namba nne, baada ya choo cha shule.