Bung'eda si "Mila" Tu

Najisomea historia ya sanaa usiku, nje ya masomo yangu ya uzamili. Wales naijua sasa: mwaka 1965 bonde la Tryweryn lilizamishwa ili Liverpool ipate maji, na kijiji cha Capel Celyn kikapotea pamoja na kanisa lake. Maandishi ukutani kando ya barabara yanataka bonde likumbukwe. Yakiharibiwa, watu huyapaka upya.

Haya, na Hanang? Wabarabaig humjengea mzee wa heshima bung'eda, kilima cha udongo na miti juu ya kaburi lake, kazi ya miezi. Kisha yakaja mashamba ya ngano ya NAFCO, kwa msaada wa Kanada, na trekta zikalima hadi makaburini. Tumezoea kuuita mgogoro wa ardhi. Ni kweli, lakini ni nusu tu. Kanisa la Wales likizama tunasema urithi umepotea. Bung'eda ikilimwa tunasema malisho yamepungua!

Neno "mila" limetutosha mno. Wanaotunga mitaala waende Basotu, wawaulize wazee ni miti gani hukatwa na nani huruhusiwa kuipanga.