Sidii Ikiangusha Kivinjari, Usizime Ulinzi

Ukiingiza sidii ya mafunzo, ukurasa wa wavuti ukafunguka wenyewe na kivinjari kikajifunga ghafla, itoe. Usiipeleke kwenye kompyuta ya jirani eti kuona kama huko itakubali. Katika maabara ya shule, ugonjwa wa mashine moja huenea chumba kizima kwa njia hiyohiyo.

Huenda kosa ni dogo tu. Sidii nyingi za zamani zinategemea Flash, iliyositishwa mwisho wa 2020, au Internet Explorer, iliyostaafishwa Juni 2022. Pengine mtengenezaji alikosea faili la autorun.inf: amri ya open huanzisha programu, ilhali ukurasa huitwa kwa shellexecute.

Tunachokiogopa zaidi ni tiba. Fundi mwenye haraka atakwambia uzime antivirusi, au uiruhusu Internet Explorer iendeshe msimbo uliomo kwenye sidii. Kataa. Microsoft ilikaza kizuizi cha msimbo wa aina hiyo mwaka 2004, katika Windows XP SP2, kwa kuwa ukurasa uliofunguliwa kutoka ndani ya kompyuta ulikuwa ukiaminiwa kupita ule wa intaneti. Ukikiondoa kwa ajili ya sidii moja, umezifungulia zote zitakazofuata.

Wala kasha zuri lisikulaghai. Mwaka 2005 ilibainika kwamba sidii za muziki za Sony BMG zilikuwa zikipachika ndani ya Windows programu inayojificha. Haukupita muda, waandishi wa virusi wakayatumia maficho hayohayo. Kisha kikaja kirusi cha Conficker, mwishoni mwa 2008. Kwenye flashi za USB kilijivika picha ya folda: unadhani unafungua mafaili, kumbe umekiamsha. Februari 2011 Microsoft ilisambaza sasisho la kuzuia flashi zisijiendeshe kwenye XP na Vista. Sidii hazikuguswa.

Basi zima kwanza AutoPlay, inayoanzisha sidii yenyewe. Kagua sidii kwa antivirusi iliyosasishwa, kisha fungua index.html kwa mkono wako, kwa kivinjari cha kisasa. Kikianguka tena, achana nayo.

Mnaochoma sidii za kugawa kwenye semina, ondoeni autorun.inf, andikeni juu ya sidii jina la faili la kufungua.

Na kama fundi alishapita kwako, rudi leo kwenye mipangilio ya usalama ukaondoe alama ya tiki aliyoiweka kuruhusu msimbo wa sidii.