Aendaye Kusomea Uzamili na Abebe Swali Lake

Mwezi wa Agosti uliopita nilikuwa gatini Luanda Kotieno, katika kaunti ya Siaya, nikingoja feri ya kuvukia Mbita. Wayajuao maeneo hayo wanafahamu kuwa feri hiyo humwokoa msafiri na mzunguko mrefu wa barabara kupitia Kisumu na Homa Bay, na kwamba asiyeiwahi hana la kufanya ila kukaa akisubiri nyingine, huku akiwatazama akina mama wakianika omena. Ni mahali pazuri pa kukutana na watu uliowasahau. Aliyenijia siku hiyo alikuwa binti niliyemfundisha isimu katika shahada ya kwanza. Mamaye huuza omena papo hapo ufuoni.

Alinisalimu kwa adabu, kisha akaniarifu kwamba amekubaliwa kuanza shahada ya uzamili katika Kiswahili, muhula wa Septemba. Nilimpongeza kwa moyo mkunjufu. Akanieleza maandalizi yake hata kabla sijamuuliza: nakala za vyeti zimepigwa muhuri wa wakili, karo ya muhula wa kwanza imepatikana baada ya mamaye kuuza ng'ombe na kukopa katika chama chao cha akina mama, chumba kimeshalipiwa, na tarakilishi ameinunua kwa mtu aliyeitumia kidogo tu. Kila kitu kilikuwa tayari. Ndipo akauliza: "Sasa, Mwalimu, unaonaje, niandike kuhusu nini?"

Feri ilikuwa imeshafika na watu wanasukumana. Nilimjibu neno la haraka ambalo hata silikumbuki vyema, nikapanda. Tulipofika katikati ya maji nikaona haya. Swali lile lilistahili jibu kamili, na kwa kuwa si yeye peke yake aulizaye, naomba nimjibu hapa, mbele ya walimu na wanafunzi wengine ambao huenda wanafunga virago wakati huu.

Kwanza niseme wazi kwamba hakuna uzembe katika maandalizi ya binti huyu. Ameandaa yote aliyoambiwa aandae. Barua ya kukubaliwa hutaja karo, vyeti, picha na tarehe ya kujisajili. Haitaji swali la utafiti. Naye mwanafunzi aliyesoma miaka kumi na sita kwa kujibu maswali ya wengine atajuaje kwamba sasa anatarajiwa kuuliza la kwake? Hapo ndipo shahada ya uzamili inapotengana na zote zilizoitangulia, na hapo ndipo tunapowaacha vijana wetu gizani.

Katika vyuo vyetu vingi mwaka wa kwanza wa uzamili ni wa kozi na mitihani, na wa pili ni wa tasnifu. Wanaoanguka mitihani ya kozi ni wachache mno. Mwanafunzi wetu ni hodari wa mitihani. Anayekwama ni yule aliyemaliza kozi akiwa na alama nzuri, kisha akaketi mbele ya karatasi tupu. Mwezi unakuwa muhula, muhula unakuwa mwaka. Karo ya kuongeza muda inadaiwa. Simu ya msimamizi haipigwi tena kwa sababu hakuna la kusema. Nimewaona katika kila idara niliyowahi kufundisha, watu wenye akili timamu kuliko yangu, wakivuka barabara ili tusikutane uso kwa uso. Na nyuma ya kila mmoja wao yupo mama fulani aliyeuza ng'ombe.

Nayasema haya nikiwa mmoja wao niliyeponea chupuchupu. Nilipoanza uzamili mwaka 2006 sikuwa na swali lolote. Nilikuwa na alama. Mhadhiri mmoja, ambaye mlangoni pake palikuwa na foleni ya wanafunzi kama mimi, alinipa mada katika muda wa dakika tano: makosa ya kimatamshi ya wanafunzi wa shule za msingi wazungumzao Dholuo wanapojifunza Kiswahili. Nikaipokea kama mtu apokeaye dawa. Nilizunguka madarasani nikihesabu mara ngapi mtoto amesema "samba" badala ya "shamba", na "msasi" badala ya "mzazi". Sasa, kila aliyewahi kuketi katika darasa la mwanzo la isimu anajua kwamba Dholuo haina sauti ya "sh" wala ya "z". Matokeo yangu yalijulikana kabla sijanunua kalamu. Ilinichukua miaka mitatu kuyathibitisha. Siku ya utetezi, mtahini kutoka nje alifunga tasnifu yangu taratibu, akaniuliza ni jambo gani nililojua siku ile ambalo sikulijua nilipoanza. Nilinyamaza. Shahada nilipewa, maana majedwali yalikuwa safi, lakini ukimya ule sijausahau hadi leo.

Tangu hapo nimesoma tasnifu kadhaa zenye mada iyo hiyo, kabila likibadilishwa tu. Hazina makosa. Hazina lolote pia.

Hebu tuutazame mfano ulio karibu na nyumbani. Marehemu Profesa Bethwell Allan Ogot, aliyezaliwa Gem mwaka 1929 na kufariki mwaka 2025, alipitia Maseno na Makerere, kisha St Andrews huko Uskochi. Alipoingia katika masomo ya uzamifu ya Chuo Kikuu cha London alikuwa na swali ambalo wengi wa wakati huo hawakulihesabu kuwa swali: Wajaluo walitoka wapi, walipitia wapi, na walikaaje kandokando ya ziwa kabla Mzungu hajafika na daftari lake? Ikumbukwe kuwa zama hizo zilikuwa za wasomi waliodai kwamba pasipo maandishi hapana historia. Mwaka 1963 Hugh Trevor-Roper wa Oxford alitamka hadharani kwamba Afrika haina historia ila ile ya Wazungu waliofika humo. Ogot hakubaki Ulaya kubishana naye. Alirudi huku, akakaa na wazee, akasikiliza nasaba na simulizi za koo moja baada ya nyingine, akazilinganisha, akahesabu vizazi. Kazi hiyo ilitoka kuwa kitabu mwaka 1967, nacho kikawa miongoni mwa vitabu vilivyowafundisha wanahistoria wa Afrika Mashariki kwamba masimulizi ya mdomo, yakipimwa kwa uangalifu, ni ushahidi.

Kinachonivutia katika habari hiyo, kuliko hata umaarufu uliofuata, ni kwamba swali alilitoa kwao. London ilimpa mbinu, maktaba na msimamizi, na vitu hivyo si vidogo. Ila hapana mtu London ambaye angeweza kumpa swali lile, kwa sababu hapana aliyelilelewa nalo.

Narudi sasa gatini Luanda Kotieno. (Jina lenyewe ni somo: "lwanda" kwa Dholuo ni mwamba, na "K'Otieno" ni kwa Otieno, yaani aliyezaliwa usiku. Akina Luanda ni wengi katika nchi hii, na aliyewahi kushushwa na matatu katika Luanda isiyo yake ataelewa kwa nini Otieno alihitajika.) Binti yule aliniuliza aandike kuhusu nini akiwa amesimama hatua kumi kutoka penye meza ya mamaye. Laiti ningalikuwa na nusu saa ningalimwambia ageuke.

Juu ya meza zile palikuwa na omena, ngege na mbuta. Chukua huyo mbuta peke yake. Si mzaliwa wa ziwa hili. Aliletwa na watu katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, akazagaa, akawala wenzake, akageuza biashara nzima ya samaki. Upande wa Tanzania, Mwanza na Musoma, wanamwita sangara. Upande wa Uganda ni mputa. Kwetu ni mbuta. Samaki mmoja, ziwa moja, majina mawili yanayofanana na moja lisilofanana nayo. Je, jina la kwetu lilivuka maji pamoja na wavuvi, ama lilikuja na maofisa wa uvuvi? Kwa nini halikufika Mwanza? Kabla halijatulia, watu wa ufuo huu walimwitaje mgeni huyo? Wazee walioona mbuta wa kwanza akivuliwa wangali hai, ingawa si kwa miaka mingi. Hayo ni maswali ya isimu, tena si haba, na majibu yake hayamo katika maktaba yoyote.

Au chukua omena. Neno hili la Dholuo limepanda magari pamoja na samaki wenyewe, likaingia katika Kiswahili cha Nairobi na Nakuru, na katika masoko mengi ya Kenya limelishinda neno "dagaa" ambalo vitabu vya shule vinalifundisha. Ni nani aliyefuata safari ya neno hilo, soko kwa soko? Au utazame mbele, ng'ambo ya maji. Abasuba wa Mfangano na Rusinga walikuwa wasemaji wa Olusuba, lugha ya Kibantu, na wengi wao leo husema Dholuo. Ukikaa ndani ya feri na mzee wa Mfangano anayeongea na mwenziwe kwa sauti ya chini, huenda unasikia maneno ambayo wajukuu wake hawatayasikia.

Hata Dholuo yenyewe, ambayo binti huyu anadhani anaijua kwa kuwa aliizaliwa nayo, imejaa mambo ambayo hajayaangalia. Tunaiandika kwa irabu tano, kama Kiswahili, ilhali vinywa vyetu hutamka tisa kwa hesabu ya wanaisimu wengi, na toni haionyeshwi kabisa. Neno "kendo" huweza kuwa jiko la mafiga, au kuoa, au "tena", na yote huandikwa vivyo hivyo. Msomaji mzawa habahatishi sana. Je, mtoto wa darasa la kwanza?

Nataka nieleweke vyema. Sisemi kila mwanafunzi aandike kuhusu kijiji chake, wala kwamba mtu wa ziwani hana ruhusa ya kuandika juu ya tenzi za Pate. Nasema aingie chuoni akiwa tayari kuna jambo linalomkosesha raha kwa kutolijua, popote lilipo. Jambo hilo litabadilika akianza kusoma. Litapunguzwa, litakatwa mbawa, pengine litatupwa na lingine likashika nafasi yake. Hiyo ndiyo kazi ya kozi za mwaka wa kwanza. Lakini aliyeingia nalo husoma kila kitabu akikiuliza kitu, na aliyeingia mikono mitupu husoma ili afaulu.

Wapo watakaonijibu kwamba haya ni maneno ya mtu aliyeshiba. Mwalimu wa sekondari anayesoma wakati wa likizo, mwenye watoto watatu na mkopo wa nyumba, anatafuta uzamili ili apande cheo, na hana wasaa wa kutafuta majina ya samaki. Hoja hiyo naiheshimu. Hata hivyo, ni mwalimu huyo hasa anayeumia akikosa swali, kwani yeye ndiye asiye na muda wa kupoteza. Anasimama kila siku mbele ya vijana arobaini au zaidi wanaochanganya lugha tatu. Akitenga daftari moja na kuandika kila juma jambo moja lililomshangaza, atakuwa na mambo hamsini mwaka ukiisha. Arobaini na tisa yatakuwa upuuzi. Moja litamtosha.

Kuna mengine ya kuandaa ambayo hayachukui maneno mengi. Asome tasnifu mbili au tatu kabla ya kuanza, na asiishie kwenye muhtasari. Atazame hasa kurasa za mwisho, pale mwandishi anapokiri alichoshindwa. Ajifunze kunukuu sauti kwa maandishi kabla hajafundishwa. Ajue kuwa kwa Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 utafiti huhitaji leseni ya NACOSTI, na kwamba vibali havitoki kwa siku moja. Ajue pia kwamba kanuni za Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu za mwaka 2014 ziliwataka wahitimu wa uzamili na uzamifu wawe wamechapisha makala, na hakuna jarida la maana litakalopokea makala isiyo na swali. Na kabla ya kuomba nafasi, aulize idarani ni nani atakayemsimamia, na huyo ana wanafunzi wangapi tayari.

Hilo la mwisho linatugusa sisi wahadhiri, na haifai nilikwepe. Tunagawa mada kwa sababu ni rahisi. Ukimpa mwanafunzi mada uliyoisimamia mara sita, unajua sura zake zote na unaweza kuisahihisha huku ukila chakula cha mchana. Ukimwacha alete swali lake, itakubidi usome upya. Foleni ya mlangoni ni ndefu, ndiyo, na vyuo vinapokea wanafunzi wengi kuliko wasimamizi walioko. Lakini wapo kati yetu ambao hata foleni ikiwa ya watu wawili bado watagawa mada.

Nilipofika Mbita siku ile nilimtumia binti ujumbe wa simu, nikamwomba radhi kwa haraka yangu, nikamwambia aende akawaulize wazee wa ufuoni jina la mbuta lilitoka wapi. Sikutarajia mengi. Juma lililofuata aliniandikia kuwa wazee wawili wamebishana juu ya jambo hilo hadi feri mbili zikaondoka, kila mmoja akiapa, na kwamba hajui amwamini yupi. Nilimjibu aandike majina yao, miaka waliyoanza kuvua na fuo walikozaliwa, kisha amtafute wa tatu.