VITABU VYA UHUSIANO WA WATU KATIKA MTIHANI WA KIINGEREZA

Mwezi Februari 2023 Waziri wa Elimu, Profesa Adolf Mkenda, alipiga marufuku vitabu 16 vya ziada visitumike tena katika shule za Tanzania, kwa kuwa vilionekana kwenda kinyume cha mila, desturi na malezi ya watoto wetu. Miongoni mwake vilikuwamo vile vya Jeff Kinney wa Marekani viitwavyo Diary of a Wimpy Kid. Hatuna ugomvi na haki ya Serikali ya kuangalia kinachotiwa mikononi mwa watoto. Lakini marufuku husema tu kitabu gani kisisomwe. Iko kazi nyingine iliyo ngumu zaidi, wala haitangazwi redioni, nayo ni ya mwalimu wa Kiingereza aliyeshika orodha ya vitabu na kujiuliza wanafunzi wake wasome kipi.

Kwa miaka mingi mtihani wa Kiingereza wa Kidato cha Nne umemtaka mtahiniwa ajibu maswali ya fasihi kwa hoja zitokazo katika kazi mbili alizozisoma. Orodha ni ndefu kuliko muda uliopo, kwa hiyo shule hazina budi kuchagua. Na yanayoulizwa humo, ukiyachunguza, hurudi mara kwa mara kwenye uhusiano wa watu: mume na mke, mzazi na mwana, bwana na mtumishi.

Sababu mbaya za kuchagua kitabu zajulikana. Kitabu ni chembamba. Nakala zake zimo kabatini tangu zamani. Muhtasari wake wauzwa dukani. Hatumlaumu mwalimu peke yake. Wanafunzi walio wengi wamesoma miaka yote ya msingi kwa Kiswahili, ndipo wakatakiwa kusoma riwaya nzima kwa Kiingereza. Lakini aliyesoma muhtasari huyajua majina ya wahusika tu. Akiulizwa kwa nini binti fulani alimkataa mchumba wake, hana la kusema, maana sababu hiyo imo katika mazungumzo ambayo hakuyasoma.

Sisi twaona kuwa jambo la kwanza ni kuchagua kazi mbili zinazobishana. Chukua tamthilia mbili ambazo zimekuwa katika orodha yetu, zote juu ya mahari. Katika Three Suitors: One Husband ya Guillaume Oyono-Mbia wa Kameruni, mzee Atangana amepokea faranga 100,000 kwa mkulima Ndi, kisha 200,000 kwa Mbia, mtumishi wa serikali, naye Juliette, binti aliyetoka shule ya sekondari, hakuulizwa neno. Juliette ampenda Oko, mwanafunzi asiye na kitu. Basi huzichukua fedha zote 300,000 na kumpa Oko, ili aje azilipe kama mahari. Baba ameshindwa kwa fedha alizozipokea mwenyewe!

Sasa fungua The Lion and the Jewel ya Wole Soyinka wa Nigeria, iliyochezwa mara ya kwanza mwaka 1959. Humu mwalimu kijana Lakunle ndiye akataaye kulipa mahari, akisema ni ushenzi, na binti Sidi ndiye aidaiye, kwa kuwa bila mahari watu watamdharau. Mwishowe Sidi huolewa na mzee Baroka, aliyempata kwa hila ya kujisingizia kuwa nguvu zake za kiume zimekwisha. Je, mahari ni bei au ni heshima? Mwanafunzi aliyesoma zote mbili hawezi kujibu kwa neno moja, na hapo ndipo aanzapo kuandika kwa akili yake mwenyewe.

Kinyume chake ni kuoanisha Passed Like a Shadow ya Bernard Mapalala, juu ya jamaa iliyoangamizwa na ukimwi, na Unanswered Cries ya Osman Conteh wa Sierra Leone, juu ya binti Olabisi na tohara ya wanawake. Kila kimoja chafaa kusomwa. Lakini vyote viwili humwonyesha msomaji mapema upande ulio sawa, na kijana hubaki kuandika onyo lile lile mara mbili. Afadhali kimoja kati ya hivyo kisomwe pamoja na The Black Hermit ya Ngugi wa Thiong'o, ambamo Remi alazimishwa kumwoa Thoni, mjane wa ndugu yake, na hakuna mmoja katika nyumba ile awezaye kujitoa lawamani.

Watakuwapo watakaosema kuwa mambo ya ndoa na hila za wazee hayafai kwa watoto. Watoto gani? Sheria ya Ndoa ya 1971 ilimruhusu binti wa miaka 15 aolewe kwa ridhaa ya mzazi. Mwaka 2016 Mahakama Kuu iliamua kuwa vifungu hivyo vyapingana na Katiba, na mwezi Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaukubali uamuzi huo. Binti wa Kidato cha Tatu ana umri ule ule uliobishaniwa mahakamani. Kumnyima Juliette hakumkingi na posa. Kwamnyima tu nafasi ya kulifikiri jambo hilo darasani, mbele ya mwalimu, kabla halijafika nyumbani kwao.

Habari ya uhaba wa nakala ni kweli, na riwaya huumia zaidi kwa uhaba huo. Lakini tamthilia husomwa kwa sauti, kwa zamu. Nakala kumi zikigawanywa vema zatosha darasa la wanafunzi arobaini, mradi kazi ianze Januari ya Kidato cha Tatu, si wiki chache kabla ya mtihani. Na sehemu ya Atangana apewe yule mvulana asemaye kuwa mahari ni shauri la baba peke yake.