Misri Mtandaoni: Nani Atamwandikia Mwanafunzi wa Garissa kwa Kiswahili?

Wahenga walinena kwamba kuuliza si ujinga. Hekima ya methali hii haijapungua, lakini katika zama hizi za utandawazi inazua swali jingine: anayeuliza anauliza kwa lugha gani, na anayejibu anajibu kwa lugha gani? Swali hili hujitokeza wazi pale mwanafunzi wa Garissa, Wajir au Mandera anapoketi mbele ya tarakilishi, au anapofungua simu yake ya mkononi, akitaka kujua habari za utamaduni wa Misri, ya kale na ya sasa. Maarifa anayoyatafuta yapo, tena tele. Vyuo vikuu na majumba ya makumbusho ya mataifa mbalimbali yameyaweka mtandaoni bila malipo. Hata hivyo, mwanafunzi huyo akiuliza kwa Kiswahili, aghalabu hupata jibu fupi mno, au jibu la upotoshaji, au akakosa jibu kabisa. Makala haya yanashikilia kwamba upungufu huo si kosa la mtandao, wala si kosa la mwanafunzi. Ni deni la wasomi wa Kiswahili, na ni deni linaloweza kulipwa.

Milango mitatu isiyokutana

Huenda msomaji akashangaa: Misri ina uhusiano gani na Garissa, mji ulio kando ya mto Tana, mbali kabisa na mto Nile? Ukweli ni kwamba mtoto wa Kaskazini Mashariki hukutana na Misri mapema sana maishani, na hukutana nayo kwa milango mitatu. Mlango wa kwanza ni duksi, ambako husikia kisa cha Nabii Yusufu aliyeuzwa Misri, na kisa cha Nabii Musa na Firauni. Mlango wa pili ni darasa. Silabasi ya historia ya shule za upili katika mfumo wa 8-4-4 ilimfunza habari za kilimo cha awali katika bonde la Nile, na ikaiweka Cairo pamoja na Meroe na Kilwa miongoni mwa miji ya kale ya Afrika. Mlango wa tatu ni Misri ya leo: mchezo wa Mohamed Salah katika runinga, usomaji wa Kurani wa makarii wa Misri unaosikika madukani, na habari za vijana waliokwenda kusoma Al-Azhar, chuo kilichoasisiwa katika karne ya 10.

Tatizo ni kwamba milango hii mitatu haifunguki katika chumba kimoja. Firauni wa duksi ni mtawala mmoja dhalimu. Misri ya darasani ni orodha ya sababu na matokeo yanayokaririwa kwa ajili ya mtihani, tena kwa Kiingereza. Misri ya runinga haina historia. Ni nadra kwa mwanafunzi kupata ukurasa wa Kiswahili unaomweleza, mathalani, kwamba neno lililozaa “firauni” lilikuwa la Kimisri cha kale, kwamba maana yake ya awali ilikuwa “nyumba kuu”, yaani kasri, na kwamba baadaye lilikuja kumtaja mfalme mwenyewe, yeyote awaye. Maelezo mafupi kama hayo yangetosha kumwonyesha kwamba mambo aliyoyasikia katika sehemu tatu yanahusu nchi moja.

Ujirani wa lugha na wa ubani

Uhusiano wa Kaskazini Mashariki na Misri hauishii katika masimulizi. Wanaisimu wamekwisha kuthibitisha kwamba Kisomali, Kiborana na Kiorma, ambazo ni lugha za Kikushi, zimo katika familia kubwa ya lugha za Kiafro-Asia. Kimisri cha kale nacho ni mwanafamilia huyo huyo, pamoja na Kiarabu, Kiamhari na Kihausa. Kwa hiyo mwanafunzi anayezungumza Kisomali nyumbani kwao Garissa anatumia lugha iliyo na udugu wa mbali na lugha iliyochongwa katika kuta za makaburi ya wafalme, udugu ambao Kiswahili, lugha ya Kibantu, hakina.

Kuna pia ushahidi wa kibiashara. Katika hekalu la malkia Hatshepsut huko Deir el-Bahari, lililojengwa katika karne ya 15 kabla ya Kristo, zimechongwa picha za msafara uliokwenda nchi ya Punt. Wasafiri wanaonekana wakirejea na bidhaa nyingi, na miongoni mwazo ni miti ya ubani iliyobebwa na mizizi yake ndani ya vikapu. Wataalamu wangali wanajadili Punt ilikuwa wapi hasa, ila wengi huielekeza upande wa Pembe ya Afrika na pwani ya Bahari ya Shamu. Mwaka 2020 watafiti walichapisha uchunguzi wa mabaki ya nyani waliohifadhiwa na Wamisri wa kale, na matokeo yake yaliunga mkono mwelekeo huo huo. Mpaka leo wafugaji wa Wajir na Mandera huchuma utomvu wa miti hiyo hiyo ya nchi kame, ukiwemo ule ambao Wasomali huuita malmal na Waswahili huuita manemane. Mwanafunzi ambaye mama yake hufukiza udi na ubani nyumbani anaweza kuielewa ibada ya hekalu la kale kuliko mtalii aliyelipa nauli kwenda kulitazama.

Yafaa hata hivyo kutahadhari. Udugu wa lugha si udugu wa damu, na biashara ya manemane haimfanyi Msomali au Mborana kuwa mjukuu wa mafirauni. Madai ya aina hiyo yamejaa mtandaoni, sawa na madai kwamba piramidi zilijengwa na viumbe kutoka sayari nyingine. Hapo ndipo hitaji la mwongozo linapojitokeza.

Kilichopo na kinachokosekana

Anayejua pa kutafuta hakosi. Chuo Kikuu cha Harvard kina tovuti ya Digital Giza, yenye picha, ramani na shajara za uchimbuzi wa uwanda wa piramidi. Taasisi ya Griffith ya Oxford imeweka hadharani kumbukumbu za Howard Carter kuhusu kaburi la Tutankhamun lililogunduliwa Novemba 1922. Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, kinachapisha ensaiklopidia ya elimu ya Misri ya kale, UCLA Encyclopedia of Egyptology, inayosomwa bure. Watafiti wa Ujerumani wana Thesaurus Linguae Aegyptiae, hazina ya maneno na matini za Kimisri cha kale. Kwa anayetaka Misri ya sasa, Maktaba ya Alexandria iliyofunguliwa mwaka 2002 imehifadhi kidijitali picha, hotuba, magazeti na nyaraka za Misri ya karne mbili zilizopita.

Hizi ni hazina za kweli. Lakini zimefungwa kwa kufuli ya lugha. Ipo ya Kiingereza, ipo ya Kijerumani, ipo ya Kiarabu. Tovuti ya Eternal Egypt, iliyozinduliwa mwaka 2004 kwa ushirikiano wa Misri na kampuni ya IBM, ilitolewa kwa Kiarabu, Kiingereza na Kifaransa. Kiswahili, lugha ya mamilioni ya Waafrika, hakikuwemo. Wala si haki kuwalaumu waliozitengeneza, maana kila mtu huvutia ngozi kwake. Swali ni kwa nini wenye Kiswahili hawakuvuta.

Athari ya pengo hili huonekana katika neno moja tu. Mwanafunzi akitaka kujua habari za maiti za kale zilizohifadhiwa, atatumia neno gani la Kiswahili? Akiandika “mumiani”, atakutana na hadithi za wanyonya damu zilizoenea Afrika Mashariki wakati wa ukoloni. Ilhali neno hilo lina asili moja na lile linalotumiwa na Wazungu kutajia maiti hizo, nalo lilianza kama jina la lami au nta iliyotumiwa kuwa dawa. Kwa upande mwingine, neno “mafunjo” limo katika Kiswahili tangu zamani, nalo ndilo jina la mmea ambao Wamisri waliutengenezea karatasi zao. Hata hivyo, ni wanafunzi wangapi watakaolikumbuka kabla ya kukimbilia neno la Kiingereza? Kwingine, basi, Kiswahili kina neno lililopotoka maana, na kwingine kina neno sahihi lisilotumiwa. Katika hali zote mbili anayetafuta hupotea, na kazi ya kumrejesha njiani ni ya mwanaisimu, si ya fundi wa mitambo.

Hoja za wanaopinga

Wapo watakaosema kwamba mwanafunzi wa chuo kikuu anajua Kiingereza, kwa hiyo hakuna haja ya kujisumbua. Hoja hii ina ukweli nusu. Mwanafunzi anaweza kusoma Kiingereza, lakini atakapokwenda kufundisha shule ya msingi huko Ijara au Takaba, hatakuwa na matini ya kumpa mwanafunzi wake. Aidha, taaluma isiyoandikwa kwa lugha fulani huifanya lugha hiyo iaminiwe kuwa haiiwezi. Kiswahili hakitasadikiwa kuwa lugha ya sayansi na historia kwa maazimio ya makongamano pekee.

Wengine watauliza: kwa nini Misri, na utamaduni wa Kaskazini Mashariki wenyewe haujaandikwa vya kutosha? Swali hili ni zito, na halifai kupuuzwa. Anayelitafuta jina la Garissa mtandaoni hukutana upesi na tarehe 2 Aprili 2015, siku ambayo watu 148 waliuawa katika chuo kikuu cha mji huo. Msiba huo lazima ukumbukwe. Lakini mji si msiba wake tu, kama ambavyo Misri si makaburi yake tu. Jamii isiyojiandika huandikwa na wengine, tena kwa jambo moja. Kwa hiyo kazi hizi mbili hazishindani. Mwanafunzi anayejifunza kupima ukurasa kuhusu Punt, akauliza nani ameuandika, lini, na kwa ushahidi gani, ndiye atakayeweza kesho kuandika kwa umakini juu ya uchumaji wa manemane, ushairi wa wafugaji, au kilimo cha Wamunyoyaya kando ya mto Tana.

La kufanywa

Garissa ina mfano wake wa kuigwa. Mwaka 1996 Huduma ya Maktaba ya Kitaifa ya Kenya ilianzisha huko maktaba ya ngamia, ikawapelekea wafugaji vitabu mahali ambapo gari halikufika. Siri ya huduma ile haikuwa ngamia peke yake. Kulikuwa na mkutubi aliyechagua vitabu, akavipakia, akavifikisha, akavirejesha. Mtandao umemshinda ngamia kwa kasi na kwa wingi wa mzigo, ila hauna mkutubi.

Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vinaweza kuijaza nafasi hiyo kwa hatua tatu zisizohitaji fedha nyingi. Kwanza, viandae orodha fupi ya istilahi za Misri ya kale na ya sasa, vikianza na maneno yaliyomo tayari katika Kiswahili, na kuipeleka kwa wahadhiri ihakikiwe. Pili, kila mwanafunzi wa mwaka wa tatu aandike makala moja ya Kiswahili kutokana na tovuti iliyothibitishwa ya chuo au makumbusho, isahihishwe, kisha iwekwe katika Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003 na ambayo mlango wake u wazi kwa yeyote. Kazi za darasani ambazo sasa huishia katika makabati ya idara zingepata wasomaji. Tatu, makala hayo yatolewe pia katika umbo linaloweza kuhifadhiwa kwenye simu na kusomwa bila intaneti, kwa kuwa mwanafunzi wa Mandera hana uhakika wa mawimbi wala wa fedha za kununulia data.

Zaidi ya hayo, wapo washirika ambao hawajatafutwa. Kiswahili hufundishwa nchini Misri kwenyewe, kikiwemo Chuo Kikuu cha Al-Azhar. Wanafunzi wa huko wanajifunza utamaduni wa Afrika Mashariki kwa Kiswahili, huku wenzao wa Kenya wakiisoma Misri kwa Kiingereza. Ushirikiano wa vyama hivi ungeondoa kinyume hicho.

Hitimisho

Si mara ya kwanza kwa Misri na Afrika Mashariki kuzungumza kwa Kiswahili. Mwaka 1954 Redio Cairo ilianza matangazo ya Kiswahili, na wasikilizaji wa pwani na bara wakakaa karibu na redio zao kusikia habari za ukombozi ambazo serikali ya kikoloni haikupenda zisikike. Wakati ule Misri ndiyo iliyojitwika gharama ya kuongea lugha ya watu wa huku. Sasa zamu ni ya wenye lugha. Hazina zimefunguliwa, na simu imo mkononi mwa mwanafunzi wa Garissa. Linalosubiriwa ni makala ya kwanza ya Kiswahili, iliyohakikiwa na kutiwa jina la idara, ambayo mwalimu wa Takaba ataweza kuwasomea wanafunzi wake bila kuhitaji mkalimani.