Mitambo Mipya Isitangulie Mafundi

Katika Mji wa Nanyamba, kama ilivyo kwingineko mkoani Mtwara na katika visiwa vya mwambao wetu, madereva wamegawanyika. Wapo wanaoyasifu magari ya otomatiki na injini zinazoongozwa kwa kompyuta, na wapo wanaoapa kwamba hawataliacha gari la klachi. Kwa maoni yetu, mabishano hayo si porojo za kijiweni. Yanagusa mifuko ya wananchi na usalama wa abiria.

Wanaosifu mitambo mipya wana hoja. Tabochaja huingiza hewa nyingi katika silinda, na injini ndogo ikapata nguvu ya kubwa. Ziko pia giaboksi zisizo na ngazi za gia, ambamo mkanda wa chuma huzunguka baina ya puli mbili zinazobadili upana, na injini ikabaki katika mwendo unaookoa mafuta. Kwenye lami, kama ile ya kilomita 50 kutoka Mtwara hadi Mnivata, faida hizo huonekana dhahiri.

Lakini korosho hazioti kando ya lami. Anayeingia vijijini kwenye mchanga na matope ana haki ya kuuliza gari likikwama itakuwaje. Gari la klachi likiishiwa betri husukumwa likawaka. La otomatiki haliwaki kwa kusukumwa. Tena si salama kulivuta kwa kamba mwendo mrefu huku magurudumu yanayoendeshwa na injini yakigusa ardhi, kwa kuwa injini ikizimika, pampu inayolainisha giaboksi nayo husimama.

Hali ni ngumu zaidi visiwani. Giaboksi ikifa Kilindoni, kisiwani Mafia, spea husubiri chombo kutoka Nyamisati. Ikiwa tatizo lilikuwa oili tu, hasara hiyo ingeepukika, maana mkanda ule wa chuma ukitiwa oili isiyo yake huteleza na kusagika. Dereva ataijuaje oili inayofaa, iwapo vitabu vya magari mengi yaliyotumika Japani vimeandikwa kwa Kijapani?

Injini mpya za dizeli nazo hazisamehe uchafu. Mafuta husukumwa kwenye nozeli kwa mgandamizo unaozidi mara 1,000 ule wa hewa ya kawaida, na maji kidogo au mafuta yaliyochakachuliwa hutosha kuziharibu. Utaratibu wa EWURA wa kuweka vinasaba katika mafuta, ulioanza mwaka 2010, ulikuwa hatua njema. Usimamizi wake usilegee katika vituo vya mbali, ambako mnunuzi hana pengine pa kwenda.

Hatusemi kwamba ufundi mpya ukataliwe. Tunasema usitangulie mafundi. VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ipeleke mafunzo ya muda mfupi hadi Nanyamba na visiwani, ili fundi wa chini ya mwembe ajue kupima injini kwa kompyuta badala ya kubahatisha na kubadili vipuri vizima. Wauzaji wa magari nao walazimishwe kumpa mnunuzi karatasi ya Kiswahili inayotaja aina ya oili na muda wa kuibadili.

Kwa maofisa wa serikali tuna neno moja zaidi. Gari la wagonjwa au la kilimo linaponunuliwa, lisichaguliwe kwa upya wake tu. Iulizwe kwanza ni nani atakayelitengeneza huko liendako, na kwa spea zipi. Gari lililolala gereji miezi mitatu halimfikishi mzazi hospitali, hata likiwa na injini bora kuliko zote duniani.

Madereva wamekwisha kutoa maoni yao. Tunawaomba wahusika wayasikilize kabla ya kusaini hati ya ununuzi inayofuata.